Jina Moja Kwenye Orodha ya Printa

Siku niliyoogopa kuliko zote katika kazi yangu ilianza vizuri tu, na hilo linaniudhi mpaka leo. Nilikuwa Ruangwa, kwenye tawi dogo la hospitali yetu, nimekaa mbele ya kompyuta mpya na kikombe cha chai na muhogo wa kuchemsha, naona mambo yangu yote yamenyooka. Hospitali yenyewe iko Nachingwea. Mimi ndiye mtu wao wa kompyuta, peke yangu, na hakuna waya unaochomekwa pale bila mimi kujua. Nilikuwa najivunia hilo, tena kwa sauti. Nina mdomo, najijua.

Tulikuwa na printa tatu za kuchangia. Moja mapokezi, moja maabara, na ile ndogo ya chumba cha ushauri nasaha, ambako watu huenda kupima wakitaka siri zao zibaki zao. Zote zinapokea kazi kutoka seva moja, kompyuta kuu ya mfumo wa Unix niliyoifungia ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati nikauvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Nilipoajiriwa, yeyote aliyekuwa na akaunti aliweza kuchapa kwenye printa yoyote. Unaingia chumba cha ushauri unakuta ratiba ya mechi, kadi za mchango wa harusi na matangazo ya kwaya yamelaliana na majibu ya wagonjwa. Nikasema, hapana, haya si maisha. Kila printa nikaiandikia orodha yake: hawa wanaruhusiwa, wengine wote hawaruhusiwi.

Walininunia wiki nzima. Huku kwetu kumnyima mtu si jambo dogo. Mtu akipita kwako akaomba maji unampa, hata kama ndoo imebaki kata moja. Sasa mimi nanyima printa, kitu ambacho ukimpa mtu hakipungui! Wakaniita mchoyo, wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Sikujali. Mimi si mtu wa kubembeleza, na nilijua kitu ambacho wao walikuwa wanakifumbia macho. Karatasi ikichapwa mapokezi ikakosa mwenyewe, inatupwa kwenye boksi chini ya meza, na kila mchana boksi lile linakwenda kwa bibi anayeuza karanga getini. Anazikunja ziwe vifuko vyenye umbo la pembe, anafungia karanga. Nilishapiga kelele sana kuhusu boksi lile. Nikajibiwa kwamba karatasi ni karatasi, na bibi naye ana wajukuu.

Mapokezi alikuwa anakaa kaka mmoja, Mmwera wa hapo hapo, mcheshi, mwenye moyo wa kusaidia mpaka anakera. Mgonjwa akikosea dirisha, yeye anaondoka kwenye kiti chake kumsindikiza. Nilimpenda kwa hilo. Lakini kuna siku tulikuwa tunakula mihogo pale mezani kwake, mazungumzo yakafika kwa wanawake wanaokwenda kupima bila kuwaambia waume zao, na yeye akasema, huku anacheka, kwamba mke akimfanyia hivyo asirudi nyumbani, apitilize moja kwa moja kwa wazazi wake. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumjibu pia, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu lile lilikuwa kosa.

Basi, nirudi Ruangwa. Kama saa tatu na nusu asubuhi muuguzi mkuu alinipigia simu. Mshauri mpya ameanza kazi leo, akasema, na printa ya chumba cha ushauri inamkatalia, naomba umwongeze. Nikamwambia hilo ni la sekunde mbili. Nikaingia kwenye seva kupitia kompyuta ya tawi, nikaandika amri, nikataja printa, nikaandika kwamba anaruhusiwa fulani, jina la mshauri mpya, nikabonyeza. Mashine haikusema neno. Ndivyo zilivyo mashine hizi, ukikosea kuandika zinakugombeza, ukipatia zinanyamaza. Ikanyamaza, nami nikarudi kwenye muhogo wangu.

Simu ya pili ilikuwa ya mshauri wa zamani. Ni mama wa makamo, ameanza kukaa chumba kile kabla mimi sijamaliza shule, na jina lake lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha niliyoiandika mwenyewe. Alikuwa ndani ya gari la kliniki ya mkoba, ile inayowafuata wagonjwa vijijini, wanaelekea Ruponda, nasikia gari linavyorukaruka. Hakunisalimia. Akaniuliza amenikosea nini mpaka nimnyime printa ya chumba chake mwenyewe.

Nikamwambia, mama, haiwezekani. Akasema imewezekana, kajaribu mara tatu inamkataa, na gari lilikuwa linampigia honi. Kwa hiyo akaituma karatasi ya majibu ya mgonjwa mmoja kwenye printa ya mapokezi, akimbie kuichukua. Alipofika, printa ilikuwa imeishiwa karatasi, haikutoa kitu, akaona basi imeshindikana, ataichapa upya akirudi.

Hapo nikaelewa. Ile amri haiongezi jina. Inaandika orodha upya. Nilitakiwa kutaja majina yote manne ya zamani na la tano, mimi nikataja moja tu, na mashine ikafuta waliokuwepo bila kuniuliza, kwa sababu ndicho nilichoiambia. Na kazi iliyotumwa kwenye printa isiyo na karatasi haishindikani. Inakaa kwenye foleni, inasubiri. Mtu yeyote akiweka karatasi, inatoka.

Nikamuuliza ni majibu ya nani. Kisheria hakutakiwa kunijibu, na ni mtu wa sheria zake. Lakini nadhani sauti yangu ilimtisha.

"Ya mke wa kaka wa mapokezi," akasema. "Ameniapisha mume wake asijue. Anakuja kuyachukua saa nane."

Jamani. Sijui niseme nini. Yule anayeweka karatasi kwenye ile printa ni mumewe.

Mke wake nilikuwa namfahamu. Ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko, mtu wa maneno machache, na gauni nililovaa asubuhi ile alilishona yeye. Ana watoto wawili. Nilimwona akilini anapitiliza kwa wazazi wake na watoto na cherehani kichwani, na aliyemfukuzisha ni mimi.

Nikaigeukia kompyuta niifute ile kazi kwenye foleni. Nilikuwa nimefika nusu ya amri pale umeme ulipokatika. Kioo kikawa cheusi. Betri ya dharura ya tawi ilikuwa ndani ya boksi lake karibu na mguu wangu, ndiyo iliyonipeleka Ruangwa siku ile, nilikuwa sijaifunga bado kwa sababu nilitaka kwanza kunywa chai. Na usiniulize kuhusu simu yangu. Intaneti ya simu ilikuwepo, ila seva niliifunga mwenyewe isifikiwe kutoka nje isipokuwa kwa kompyuta ile ile iliyozimika. Hodari wa kufunga, mimi.

Nikampigia muuguzi mkuu. Hakupokea, nikakumbuka asubuhi ile yuko chumba cha upasuaji. Nikampigia mshauri wa zamani tena, simu haipatikani, Ruponda imeshawameza. Nikafikiria kumpigia mtu mwingine yeyote pale hospitali. Nimwambie nini? Nenda kasimame mapokezi, karatasi ikitoka usiisome? Kuna binadamu ambaye akiambiwa hivyo haisomi? Na seva yenyewe hakuna wa kuizima, ufunguo uko shingoni kwangu, Ruangwa.

Nikampigia mwenyewe, kaka wa mapokezi. Sauti yangu niliikaza isitetemeke. Nikamsalimia, nikauliza kazi, nikauliza nyumbani, na nilipouliza nyumbani karibu nilie. Kisha nikamwambia printa yake ina hitilafu, akiweka karatasi itaungua, asiiguse mpaka nifike. Akasema, sawa dada, ila rimu nimeshaagiza stoo inakuja, na hapa nina watu wengi wanasubiri barua zao za rufaa, wa Mnero, wa machimbo ya Namungo, nitawaambia nini? Nikamwambia awaambie wasubiri. Akasema atajitahidi. Neno hilo, atajitahidi, nililisikia njia nzima.

Nikachukua bodaboda. Dereva aliponiuliza naenda wapi nikamwambia Nachingwea, akacheka, akadhani namtania. Alipoona sicheki akawasha pikipiki. Sikumbuki vizuri ile safari. Nakumbuka vumbi, mikorosho inapita kulia na kushoto, na mimi nimekunja vidole kwenye jaketi la mtu nisiyemjua, nasema sala nisiyoijua mwisho wake. Kila tukipanda kilima natoa simu kuona mtandao. Nilikuwa naogopa kumpigia kaka yule na naogopa kutompigia. Dereva akaniambia, sista, huko unakowahi kuna mgonjwa? Nikasema yupo. Akaongeza mwendo.

Tulifika wakati watu wameingia kuswali adhuhuri. Mapokezi palikuwa kimya. Kiti cha kaka kilikuwa wazi, kofia yake haipo, kwa hiyo naye alikuwa msikitini. Benchi la wagonjwa tupu. Na ile printa ilikuwa inawaka taa ya kijani, trei imejaa karatasi nyeupe mpaka juu.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha nikakimbilia kabati la chuma, nikakosa tundu la ufunguo mara mbili, nikafungua, nikaangalia foleni. Kazi zote zilikuwa zimekamilika. Ile ya chumba cha ushauri ilikuwa ya tatu, ukurasa mmoja, imetoka salama. Nikarudi mapokezi. Juu ya printa hapakuwa na kitu. Mezani hapakuwa na kitu. Nikainama chini ya meza. Boksi lilikuwa tupu.

Getini bibi wa karanga alikuwa ameshapanga pembe zake kwenye ungo, zimesimama kwa mistari. Nilimwamkia shikamoo bila kusubiri marahaba, nikamwambia nanunua zote. Akaniangalia. Kiswahili chake ni cha sokoni, akitaka kusema kitu cha maana anarudi kwenye Kimwera, na alisema maneno marefu ya Kimwera akijisemea. Nikakaa chini vumbini pale pale, na gauni lile, nikaanza kufungua pembe moja moja, namwaga karanga kwenye mtandio wangu. Ratiba ya zamu. Nusu ya barua ya rufaa. Tangazo la chanjo. Kwaya, kwaya, kwaya. Tangazo la mtoto wa fulani aliyepoteza kadi ya kliniki. Mwishowe bibi akaacha kunishangaa, akakaa upande wa pili wa ungo akaanza kunisaidia kufungua, bila kujua tunatafuta nini. Hajui kusoma. Kila karatasi aliinyoosha kwa kiganja, akanionyesha, nami nikatikisa kichwa.

Haikuwemo. Nikamuuliza kama kuna pembe amekwisha uza. Akasema nyingi, akanyoosha mkono kuelekea barabarani, kuelekea stendi, kuelekea kila mahali.

Nilirudi ndani nikiwa na mtandio uliojaa karanga na kichwa kisicho na kitu. Kaka alikuwa amerudi kutoka msikitini, amekaa kwenye kiti chake, kofia bado kichwani. Hakunitania kuhusu zile karanga. Hapo ndipo niliogopa zaidi kuliko nilivyoogopa barabarani, kwa sababu yule mtu hata msibani hutania.

Nikamuuliza kwa nini aliweka karatasi. Akasema kulikuwa na mzee wa Mnero, mgonjwa wake yuko garini, gari linamwacha, na barua yake iko ndani ya mashine. Akamnyimaje? Akasema alijiambia, kama itaungua na iungue. Aliyasema hayo akiangalia meza. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ndogo, imeloa jasho pembeni.

"Ulikuwa unatafuta hii?"

Nikauweka mtandio wa karanga mezani.

"Niliona jina juu," akasema. "Jina tu. Nikaikunja. Nimeswali nayo, dada, na sijui hata nimeswali rakaa ngapi. Ichukue kabla sijaifungua."

Alininyooshea, nami nikaishika, na kwa muda kidogo hakuiachia. Tulikuwa tumeishika wote wawili. Niliona alivyoibana karatasi ile, na nikaelewa kwamba mtu huyu haogopi aibu ya mke kwenda kupima. Anaogopa kilichoandikwa mle ndani, kwa ajili ya mke, kwa ajili yake mwenyewe, kwa ajili ya watoto. Yale maneno ya siku ile ya mihogo yalikuwa kelele tu za mtu anayeogopa. Kisha akaiachia.

Nikairekebisha orodha, majina yote matano, nikayasoma kwa sauti moja moja kabla ya kubonyeza, nikayasoma tena baada ya kubonyeza. Karatasi nikaitia kwenye bahasha nikaifunga kwa gundi. Sikuisoma. Mtu akitaka kuniamini aniamini.

Saa nane mke wake alikuja. Alipita mlango wa nyuma, amejifunika kanga mpaka machoni, na mshauri mpya akampokea. Nilimpa mshauri bahasha na kumweleza kilichotokea, nikamwomba anipe nafasi niseme mwenyewe kosa langu, wakishamaliza. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma nasubiri. Walikaa ndani muda mrefu. Sikujaribu kusikiliza, na nilichokuja kuona usoni kwake alipotoka sitakiandika hapa, kwa sababu kilichoandikwa kwenye karatasi ile si changu.

Nikamwambia yote. Amri, orodha, umeme, printa. Sijui alielewa nini kati ya hayo. Alisikiliza huku analivuta pindo la gauni langu, pale mshono ulipoachia nilipokaa vumbini, kama fundi anayefikiria namna ya kuurudishia. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Nani ameiona?"

Ningeweza kusema hakuna. Njia nzima kutoka getini nilikuwa nimeuandaa huo uongo, na ulikuwa mzuri.

"Mumeo," nikasema. "Ameona jina. Anasema hakuifungua."

"Wewe unamwamini?"

Nikasema sijui. Akaangalia lango la nyuma, kisha akaangalia upande wa mapokezi, ambako kiti kilikuwa wazi tena. Mumewe alikuwa ameomba ruhusa, ametangulia nyumbani.

"Basi nisindikize," akasema.

Nikamsindikiza. Tulipita nyuma ya soko, yeye mbele mimi nyuma. Kila hatua nilitaka njia irefuke. Nilikuwa nimebeba mkoba wake wa vitambaa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Tulipofika, baiskeli ya mumewe ilikuwa imeegemezwa ukutani na mwenyewe amekaa barazani, amevua kofia. Akasimama. Akaupokea mkoba kutoka kwangu. Mke akapita akaingia ndani, naye akamfuata, na mlango hawakuufunga.

Mimi si Mmwera. Nimekaa huku miaka yote hii, najua kusalimia na kununua samaki, basi. Walizungumza Kimwera, chini chini, kwanza yeye mke, kirefu, kisha mume maneno machache. Nilisimama pale nje juani, ufunguo wa kabati unaning'inia kifuani, nasikiliza kitu kimoja tu, kama sauti zitapanda. Niliapa zikipanda naingia, na nilijua kabisa kwamba sina haki ya kuingia.

Hazikupanda. Baadaye mume akatoka. Macho yalikuwa mekundu. Amebeba kigoda, akakiweka kivulini, akakipangusa kwa mkono wake.

"Kaa, dada," akasema. "Anasema usiondoke bado."

Nikakaa.